"Mnafungua Saa Ngapi?": Kiingereza cha Kuulizia Saa za Maduka na Mantiki ya Saa ya Kiswahili

Mwanafunzi wa Kenya huanza kujifunza Kiingereza mapema, na aghalabu hukimudu vyema katika insha na mitihani. Hata hivyo, umahiri huo haumkingi anapofika London akiwa na karatasi ya daktari mkononi, akitaka kujua iwapo duka la dawa la mtaani litakuwa wazi jioni. Swali lenyewe ni fupi. Jibu ni fupi zaidi: neno moja tu, tena la nambari. Makala haya yanachunguza jinsi swali hilo linavyoundwa katika Kiingereza cha kila siku cha Uingereza, na kwa nini jibu lake humtatiza mzungumzaji wa Kiswahili.

Kauli ya kawaida ni "What time do you open?" na mwenzake, "What time do you close?" Neno "you" hapa halimlengi muuzaji pekee bali duka zima, sawa na Mswahili anavyouliza "Mnafungua saa ngapi?" Hapo hapana tatizo. Tatizo limo katika njeo. Akiulizia jioni ya leo, Mswahili husema "Mtafunga saa ngapi?", na akitafsiri hukimbilia wakati ujao. Kiingereza, kwa jambo lililokwisha kupangiwa ratiba, huridhika na wakati uliopo: "What time do you close tonight?" Njeo hii inakaribiana na hu- ya mazoea, kama katika "Duka hufungwa saa kumi na mbili", na mwanafunzi akiikumbuka hu- hatapotea.

Kosa linalosikika sana miongoni mwa Wakenya, hata waliosoma, ni "Is the shop opened?" Chanzo chake ni Kiswahili chenyewe. Kutokana na kitenzi funga tunapata fungua katika kauli ya kutendua, na vyote viwili huingia katika kauli ya kutendwa bila ubaguzi: duka limefungwa, duka limefunguliwa. Kiingereza hakina ulinganifu huo. Husema "closed" kwa duka lililofungwa, lakini kwa lililo wazi hutumia kivumishi "open" bila kukiongezea kitu. Kwa hiyo "Are you still open?" ndiyo sahihi. "Opened" huelezea tendo lililopita, kwa mfano duka lilipofunguliwa asubuhi au lilipoanzishwa.

Adabu nayo ina njia yake. Kwetu, kumkabili muuzaji kwa swali kabla ya salamu ni utovu wa heshima, na aliye mtu mzima hustahiki shikamoo. Kwa Mwingereza, "Excuse me" hutosha kufungua mazungumzo, nayo "Could you tell me what time you close?" hulainisha ombi. Izingatiwe kuwa katika umbo hili "do" hutoweka; kusema "Could you tell me what time do you close?" ni kuunganisha maswali mawili kwa nguvu.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo yakilinganishwa na jibu. Muuzaji husema "eight". Sikio la Mswahili hupokea nane, na nane huleta saa nane, yaani alasiri inapoanza, ilhali muuzaji amekusudia saa mbili. Mkenya amezoea kuishi na saa mbili kwa pamoja: huona 9.00 kwenye mlango wa benki mjini Nairobi akasoma "saa tatu" bila kusita. Lakini hapo jicho ndilo lililosaidia. Jibu linapotolewa kwa mdomo, tarakimu haipo, na tafsiri ya papo kwa papo huteleza kwa saa sita nzima. Aliyeambiwa kuwa duka la dawa hufungwa "five" akalifasiri kuwa saa tano ya usiku hukuta mlango umefungwa zamani. "Half eight" huongeza utata. Kwa Mwingereza ni saa mbili u nusu asubuhi au jioni, wala si nusu saa kabla yake.

Wapo walimu wanaouita mtindo wetu wa kuhesabu saa kosa la kusahihishwa. Dai hilo halina mashiko. Warumi wa kale walihesabu saa za mchana tangu macheo, na Kiingereza chenyewe bado kinabeba alama ya hesabu hiyo: neno "noon" lilitokana na neno la Kilatini la saa ya tisa, kisha maana yake ikahamia adhuhuri. Hesabu ya Kiswahili inafaa mahali ambapo jua huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima. London haina bahati hiyo. Mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mwishoni mwa Disemba, baada ya saa mbili asubuhi. Mgeni asiyeweza kulitegemea jua hana budi kuuliza tena: "Eight in the morning?" Kurudia jibu kwa namna hii si ujinga, na hakuna muuzaji anayeudhika.

Jumapili huhitaji swali lake. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1994, maduka makubwa ya England na Wales, yaani yenye zaidi ya mita mraba 280, huruhusiwa kuuza kwa saa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni; Jumapili ya Pasaka hayafunguliwi kabisa. Maduka madogo hayabanwi, wala Scotland haina kikomo hicho. Kwa hiyo "Are you open on Sundays?" huweza kujibiwa "Yes" na bado mtu akachelewa. Lililo bora ni "What time do you close on Sundays?", na jibu likirudi "four", mwulizaji akumbuke kuwa ni saa kumi.