Kumhifadhi Punda Wakati wa Mvua na Baridi

Watu wengi hudhani kwamba punda, kwa kuwa ni mnyama mvumilivu, hahitaji nyumba. Hufungwa kwa kamba chini ya mti huku mvua ikinyesha usiku kucha, na asubuhi huvikwa matandiko yaliyolowa, akapelekwa kuchota maji au kuvuta mkokoteni. Punda hasemi neno, naye mwenyewe huridhika kwamba hana taabu. Kumbe nguvu zake zinapungua siku kwa siku, na akianguka mwisho wa masika watu husema ameugua ghafula.

Katika sehemu za Busia na Malaba farasi haonekani ila kwa nadra, kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa farasi uenezwao na visubi. Punda huustahimili ugonjwa huo kuliko farasi. Lakini kwa habari ya mvua, farasi amemshinda. Punda wa kufugwa asili yake ni punda-mwitu wa nchi kavu za kaskazini mashariki ya Afrika, na wataalamu waliochunguza chembe za urithi za punda wa nchi nyingi walitangaza mwaka 2022 kwamba alianza kufugwa huko miaka 7,000 hivi iliyopita. Ngozi yake iliumbiwa jua na vumbi. Manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi. Mvua hupenya upesi hata ikafika kwenye ngozi, na upepo ukivuma juu ya ngozi iliyolowa, joto la mwili huondoka kwa haraka.

Baridi ya Busia si kama baridi ya Limuru, lakini nchi hii hupata mvua nyingi, hasa kuanzia Machi hata Mei, na tena mwishoni mwa mwaka. Mvua kubwa mara nyingi huja alasiri au jioni, wakati punda ametoka kazini akiwa na jasho. Hapo ndipo hatari ilipo: jasho, mvua, upepo, na njaa, vyote kwa pamoja.

BANDA. Dawa ya kwanza ni paa. Banda la futi 10 kwa futi 10 hutosha punda wawili. Lijengwe mahali palipoinuka, na sakafu ishindiliwe kwa changarawe au udongo mgumu, iwe juu kidogo kuliko ardhi ya nje. Mfereji uchimbwe kulizunguka ili maji yasiingie. Paa la nyasi lafaa sana, mradi halivuji. Ukuta wa udongo ujengwe upande ule upepo wa mvua utokako, lakini nafasi iachwe chini ya paa ili hewa ipite. Banda lililozibwa pande zote hujaa harufu kali ya mkojo, nayo hudhuru mapafu. Kadhalika moto usiwashwe ndani. Moshi humdhuru punda kuliko baridi yenyewe, na nyasi huweza kushika moto. Nyasi kavu zitandikwe chini, na zile zilizolowa ziondolewe kila asubuhi.

KUMKAUSHA. Punda akirudi amelowa, aondolewe matandiko na mikanda yote, kisha asuguliwe kwa konzi ya nyasi kavu au gunia kavu, kuanzia shingoni, mgongoni, hata miguuni. Gunia lisifunikwe juu ya manyoya yaliyolowa, maana litashika maji na kumzidishia baridi. Akisha kukauka aweza kufunikwa, hasa akiwa mtoto, mzee, mgonjwa au amekonda. Lakini gunia likilowa liondolewe mara moja. Matandiko ya mzigo nayo yakaushwe, kwani kitambaa kibichi huchubua ngozi na kuleta vidonda.

CHAKULA. Joto la punda hutoka tumboni mwake. Nyasi kavu na mabua ya mahindi huchachuka polepole katika utumbo mpana, na kazi hiyo hutoa joto usiku kucha. Kwa hiyo usiku wa baridi aongezewe nyasi kavu, wala si nafaka nyingi. Mahindi au mabua yaliyoota ukungu asipewe kabisa. Sumu ya ukungu huo huweza kuharibu ubongo wake na kumwua. Maji safi yawepo daima, hata siku ya mvua.

KWATO NA NGOZI. Kwato za punda hunyonya maji na kulainika. Akisimama matopeni siku nyingi, sehemu laini ya chini ya ukwato huoza na kutoa harufu mbaya. Kwa hiyo kila jioni kwato zisafishwe kwa kijiti kisicho na ncha kali, na punda asimame mahali pakavu. Mgongoni nako kutazamwe: manyoya yakishikamana na kutoka mafungu mafungu pamoja na magaga, huo ni ugonjwa wa ngozi uletwao na vijidudu vipendavyo unyevu.

DALILI ZA HATARI. Punda aliyeshikwa na baridi hutetemeka, huinamisha kichwa, hukaza mkia, na masikio yake huwa baridi. Joto la punda mzima ni karibu digrii 37. Dalili kubwa kupita zote ni kukataa chakula. Punda asiyekula humwaga mafuta ya mwili katika damu, ini likaharibika, naye aweza kufa baada ya siku chache. Mganga wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Tena akikonda ingawa anakula, huenda ana ugonjwa wa mbung'o, ambao katika Busia ni wa zamani. Naye mnyama aliyekonda hana mafuta ya kumkinga na baridi.

Mwenye punda wawili asiwatenge, kwani hutiana joto na kutulizana. Yafaa pia kukumbuka kwamba sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humhesabia kosa mtu amtesaye mnyama au kumtumikisha kupita nguvu zake.

Husemwa, "Punda afe, mzigo ufike." Lakini punda akifa leo, mzigo wa kesho utachukuliwa na mama wa nyumba kichwani, na ada ya shule itakosa mahali pa kutoka. Paa la nyasi na mzigo wa majani makavu ni gharama ndogo kuliko hasara hiyo. Banda lijengwe wakati wa kiangazi, kabla mawingu ya Machi hayajakusanyika.