Namna ya Kufunga Aparei ya Foto kwa Darubini

Usiku wa Siku ya Mungu, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa, na wengi wenu mulikuwa nje pamoja nasi. Tuliahidi kwamba kesho yake foto za mwezi mwekundu zitabandikwa kwenye ubao mbele ya ofisi. Ubao ulibaki mtupu, na tangu siku ile munatuuliza: «Foto ziko wapi?» Basi tunaandika somo hili kwa kueleza namna kazi hii inavyofanyika, tena kwa kusema wazi pale tuliposhindwa. Tulishindwa kwa namna mbili, na moja ya hizo haihusu darubini hata kidogo.

Kwanza, mbona kujisumbua na foto? Ni hesabu tu. Darubini iko na tundu moja, na darasa liko na watu 60. Kila mmoja akiangalia dakika moja, saa nzima imekwisha, na wa nyuma wamekwenda kulala na hasira. Lakini foto moja nzuri inaonwa na wote, na mwalimu anaweza kuweka kidole juu yake na kusema: mlima ni huu, kivuli chake ni hiki. Kazi yenyewe haiko mpya. Mwaka 1840 John William Draper, mwalimu wa New York, alipata foto ya mwezi kwa darubini, juu ya bamba la madini lililopakwa dawa. Aliacha bamba lake lipokee mwanga kwa dakika nyingi. Aparei za leo zinahitaji sehemu ndogo sana ya sekunde.

Darubini yetu ni ya lenzi. Upana wa lenzi ya mbele ni milimita 70, na urefu mpaka pale mwanga unapokutana ni milimita 700. Kuna njia mbili za kuunganisha.

Njia ya kwanza ni ya telefone. Hapa lenzi ya jicho inabaki mahali pake, na jicho la telefone linakaa pale jicho la mtu lingekaa. Chagueni lenzi ya jicho yenye nguvu ndogo, ya milimita 20 au 25, maana ile yenye nguvu kubwa inaonyesha tundu dogo la mwanga, na telefone inalipoteza upesi. Ugumu ni kuishika. Mkono wa mtu unatetemeka hata akijifanya jiwe. Sisi tulikata kipande cha bomba la plastiki linaloingia vizuri juu ya lenzi ya jicho, tukakigandisha nyuma ya kifuniko cha zamani cha telefone, kisha tukafunga vyote kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Sura yake ni mbaya, lakini haitikisiki. Kisha gusa mwezi juu ya kioo cha telefone, shusha mwangaza mpaka milima ionekane, weka ile saa ya kungoja sekunde 10, na uondoe mkono. Kama foto inatoka na upande mmoja mweusi, telefone haiko katikati. Isogeze kidogo sana, upana wa ukucha tu.

Njia ya pili ni ya aparei kubwa ya dijitali, ile ambayo lenzi yake inatoka. Munatoa lenzi ya aparei, munatoa na lenzi ya jicho ya darubini. Darubini yenyewe inakuwa lenzi. Katikati inahitajika pete yenye mdomo wa aina ya aparei yenu (kila kiwanda na mdomo wake, musinunue bila kuuliza), na bomba fupi la milimita 31.7 linaloingia mahali pa lenzi ya jicho. Pete yetu ilitoka Kampala. Wenye darubini ya kioo wajue jambo moja: mara nyingi mwanga wake unakutana karibu sana na bomba, na kile kibamba kinachopokea mwanga kimejificha ndani kabisa ya aparei, kwa hiyo picha haitulii hata mukizungusha skrubu mpaka mwisho. Ya lenzi haina shida hiyo.

Mwezi utakuwa na ukubwa gani? Gawanya urefu wa darubini kwa 110. Kwetu ni 700 kwa 110, karibu milimita 6 na nusu. Kibamba cha aparei yetu kina upana wa milimita 22, basi mwezi wote unaingia na nafasi inabaki.

Sasa tuje kwa kosa letu la kwanza. Mwezi mzima unaangaza sana, kwa sababu unapigwa na jua lile lile linalotupiga sisi mchana. Kwa darubini kama yetu, aparei ikiwa kwa ISO 100, sehemu 1 ya 125 ya sekunde inatosha. Tulifanya hivyo jioni, na foto zilikuwa safi. Lakini mwezi ukiingia kabisa ndani ya kivuli cha dunia, mwanga wake unapungua mara elfu nyingi. Tulipiga na kipimo kile kile, tukapata foto nyeusi kama masizi. Tukapandisha ISO mpaka 1600 na kuacha mlango wazi sekunde moja. Tukapata yai jekundu lisilo na makali, kwa maana dunia inazunguka. Kwa sekunde moja mbingu inasogea, na juu ya kibamba chetu mwendo huo ni milimita 0.05. Ni kidogo, mutasema. Lakini kila doa la foto lina upana wa milimita 0.004 tu, basi kila nuru imepakwa juu ya madoa 12.

Vitabu vya Ulaya vinatoa dawa: kiti cha darubini chenye mhimili unaoelekea Nyota ya Kaskazini, ili darubini ifuate mbingu. Kiti chetu ni cha namna hiyo. Lakini angalieni karte. London iko digrii 51 kaskazini ya ikweta, basi nyota hiyo inasimama juu sana kwao. Bunia iko digrii moja na nusu tu. Kwetu nyota hiyo iko chini kabisa, nyuma ya miti na vumbi, hakuna anayeiona. Mhimili unatakiwa kulala karibu sawa na meza, na viti vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali vinakataa kushuka hivyo: kabla haujafika, lile jiwe la uzito linagonga mguu. Tuliweka tofali chini ya mguu mmoja, tukatafuta kaskazini kwa dira, na vijana wawili wa umanite wakazungusha skrubu pole pole kwa mkono. Inasaidia, lakini haitoshi kwa sekunde nyingi. Kwa hiyo kwa sasa tuache nyota dogo na tubaki na mwezi, Jupiter na Saturne.

Kosa la pili linatuuma zaidi. Jioni ile mwezi ulipanda mashariki, ungali chini. Basi bomba letu jeupe lililala juu ya miguu mitatu, likaelekea juu ya ukuta, kwenye nyumba za majirani. Sisi tulikuwa tumezima taa zote, tunanong'ona. Mama mmoja ng'ambo ya ukuta aliona kitu hicho, akachukua watoto wake akakimbia, na wengine wakamfuata. Hatucheki. Jimbo letu liliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na katika mji huu wako watoto waliokwisha kukimbia nyumba zao zaidi ya mara moja. Hatukumwambia mtu yeyote nje ya shule. Mkubwa wa avenue alikuja na watu, akatuuliza, akaangalia mwenyewe, akaelewa. Lakini mwezi ulikuwa mwekundu kabisa kuanzia saa moja na nusu mpaka karibu saa tatu ya usiku, na sehemu nzuri ya wakati ule tuliitumia kwa kuomba msamaha, kama ilivyokuwa lazima. Tuliporudi kwa aparei tulifanya yote kwa haraka, na yai lile jekundu ndilo matunda yake.

Kwa mara iliyofuata tulipeleka darubini mchana kwa mkubwa wa avenue, tukamwonyesha kila kipande, tukaalika majirani. Yule mama alikuja na watoto wake wote. Alikaa kwa lenzi muda mrefu kuliko mwanafunzi yeyote, kisha akasema: «Kumbe naye alishikwa na ndui!» Usiku ule mwezi ulikuwa nusu, na huo ndio wakati mzuri kuliko mwezi mzima, maana jua linapiga milima kwa ubavu na vivuli vinakuwa virefu. Foto moja ya telefone ilifaulu. Sasa iko ubaoni, na nyingine kama hiyo iko nyumbani kwa mama yule.

Neno moja juu ya jua. Wakubwa wenu wanakumbuka tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipofunikwa kabisa kwa sekunde chache kule Pakwach, Uganda, na kwetu sehemu kubwa ikafunikwa. Darubini ikielekea jua bila chujio la kweli mbele ya bomba, jicho linaungua kwa nukta moja na halirudi, na aparei pia inakufa. Vile vichujio vidogo vya kufunga kwa lenzi ya jicho vinapasuka kwa moto. Mchana bomba lifungwe na kifuniko chake, na ufunguo wa sanduku ukae kwa mwalimu.

Mwezi utapatwa tena kabisa tarehe 31 Disemba 2028, nao utapanda kwetu Bunia ukiwa umekwisha kuanza kufunikwa. Utakuwa chini mashariki tena, juu ya ukuta ule ule.

Mazoezi: (1) Rafiki ana darubini ya lenzi yenye urefu wa milimita 900. Mwezi utakuwa na milimita ngapi juu ya kibamba? (2) Mbingu inasogea digrii 15 kwa saa, na mwezi una upana wa nusu digrii. Mukiacha darubini bila kuigusa, mwezi utatoka mahali pake wote kwa dakika ngapi? (3) Kwa ISO 3200 badala ya 1600, sekunde ile moja ingekuwa ngapi, na nuru ingepakwa juu ya madoa mangapi? Leteni majibu kwa karatasi, pamoja na jina na darasa, kabla ya Ijumaa.