Ufahamu na Ufupisho: Tripura, Jimbo Dogo la Mpakani

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Tripura ni mojawapo ya majimbo madogo kabisa nchini India. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 10,500, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.6. Upande wa kaskazini, magharibi na kusini jimbo hili limezungukwa na Bangladesh, kwa mpaka wenye urefu wa kilomita 856. Ni upande wa mashariki tu ndiko linakopakana na majimbo mengine ya India, yaani Assam na Mizoram.

Kabla ya mwaka 1947, watu wa Tripura walifika Kolkata na bandari ya Chittagong kwa kupitia tambarare za Bengali. India ilipogawanywa mwaka huo, tambarare za mashariki zikawa sehemu ya Pakistani, na mwaka 1971 zikawa nchi huru ya Bangladesh. Tripura yenyewe ilijiunga na India mwaka 1949. Kutoka mji mkuu wa Agartala hadi Kolkata ni takribani kilomita 330 kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo, anayesafiri ndani ya ardhi ya India hana budi kuzunguka kupitia ukanda mwembamba wa Siliguri, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Kwa hiyo saruji na mafuta huingia kwa gharama kubwa, na mazao ya mkulima hutoka kwa shida.

Hata hivyo, Tripura si jimbo lisilo na mali. Wakazi wengi hulima mpunga, chai na mananasi, na kwa uzalishaji wa mpira jimbo hili ni la pili India baada ya Kerala. Ardhini kuna gesi asilia. Kituo cha Palatana, kilichozinduliwa mwaka 2013, kina uwezo wa kuzalisha megawati 726 za umeme kwa kutumia gesi hiyo. Barabara za milimani hazikuweza kubeba mitambo yake mizito, hivyo Bangladesh iliruhusu mitambo ipitie katika mito na barabara zake. Tangu mwaka 2016, Tripura huiuzia Bangladesh umeme.

Utajiri mwingine umo mikononi mwa mafundi. Kwa mianzi ya milimani, husuka vikapu na mikeka, hutengeneza samani na huchonga vijiti vya udi. Wanawake wa jamii za milimani hufuma nguo za asili, kama vile rignai inayofungwa kiunoni, kwa kutumia vifaa vya mbao ambavyo mfumaji hujifunga mwilini. Kazi hizi hazihitaji mtaji mkubwa. Kikwazo ni soko. Kiti cha mwanzi ni chepesi lakini hujaza lori upesi, na nauli ya safari ndefu humeza faida ya fundi.

Ndiyo maana miundombinu imepewa uzito. Reli ilifika Agartala mwaka 2008, na mwaka 2016 ikabadilishwa kuwa ya geji pana. Mwaka 2021 lilizinduliwa daraja la Maitri Setu, lenye urefu wa kilomita 1.9, juu ya mto Feni. Daraja hilo linauunganisha mji wa Sabroom na Ramgarh ya Bangladesh, na kutoka hapo bandari ya Chittagong haifiki kilomita 100. Novemba 2023 ilizinduliwa reli ya kutoka Agartala hadi Akhaura, Bangladesh. Lakini kuzindua si kupitisha mizigo. Bila forodha, uhamiaji na maelewano ya serikali mbili, daraja hubaki chuma na zege tu.

Maswali

1. (a) Pendekeza kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.
(b) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: hana budi, mtaji, humeza.
(c) Kwa nini mitambo ya Palatana ilipitishwa Bangladesh?
(d) “Kuzindua si kupitisha mizigo.” Mwandishi ana maana gani?
2. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyopungua 40 na yasiyozidi 45.

Mwongozo wa majibu

Katika 1(b), usitoe maana ya kamusi pekee. Nauli haina kinywa: “humeza” hapa ni humaliza. Katika 1(d), usirudie sentensi uliyopewa. Sema kwamba mradi hauna manufaa mpaka nchi zote mbili zikubaliane kuutumia.

Katika swali la 2, tafuta kwanza hoja: njia ya zamani, kilichoifunga, njia mpya na matokeo yake. Acha takwimu zisizobeba hoja. Mfano:

Kabla ya 1947 watu wa Tripura walifika Kolkata na Chittagong kupitia tambarare za Bengali. Mgawanyo wa India ulizifanya tambarare hizo kuwa nchi ya kigeni, hivyo wasafiri wakalazimika kuzunguka kupitia Siliguri. Matokeo yake, bidhaa ziliingia kwa bei ghali na mazao yakatoka kwa shida. (Maneno 42)

Sasa fupisha aya ya tano mwenyewe kwa idadi hiyohiyo ya maneno. Hoja ya mwisho, inayoanza na “lakini”, isikosekane. Ndiyo inayobeba msimamo wa mwandishi.