Mfadhili Akiondoka, Tutabaki na Nini?

Somo la vikundi. Someni pamoja kwa sauti, mjadiliane, halafu muamue.



Katika vikundi vingi tunavyotembelea huku Thika na Ruiru, mkutano hauishi kabla ya mtu kuuliza: "Wafadhili wamejibu ile barua yetu?" Swali hilo si baya. Misaada kutoka nje imechimba visima, imesomesha vijana na imeleta mbegu nzuri. Lakini kuna swali lingine linalopaswa kutangulia: mfadhili akiondoka, sisi tutabaki na nini?

Maana kuondoka ataondoka. Mradi huandikiwa miaka miwili, mitatu au mitano, basi. Tena mara nyingine mfadhili huondoka kabla ya siku zake, kwa mambo ambayo kijiji hakihusiki nayo hata kidogo. Novemba 1991 nchi wafadhili zilikutana Paris zikasimamisha misaada mipya kwa serikali ya Kenya, zikidai mageuzi ya siasa na uchumi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la USAID likawa limeacha kazi hiyo. Mama anayelima mboga kule Gatuanyaga hakuulizwa maoni yake mara ya kwanza, wala hakuulizwa mara ya pili.

Na ni nani anayeumia? Kila mmoja wetu amewahi kuona pampu ya maji iliyofunikwa gunia ndani ya stoo ya mwenyekiti. Ilikuja na sherehe, nyimbo na picha. Ikaharibika kitu kidogo tu, na hakuna aliyejua kukitengeneza, wala hakukuwa na pesa za kununua kingine. Kina mama wakarudi kubeba mitungi. Wanachama wakaanza kusema kikundi kimekufa. Tusidanganyane: pampu ikifa, mara nyingi na kuaminiana kunakufa pamoja nayo.

Basi tuangalie mifano mitatu tujifunze.

MFANO WA KWANZA: CHUO CHA JUJA

Ukitoka Ruiru kwenda Thika unapita Juja, na hapo kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Vijana wengi hawajui kwamba kilianza kama mradi wa msaada. Mipango ilianza mwaka 1977. Mapema mwaka 1978 Mzee Jomo Kenyatta alitoa shamba la hekta 200. Serikali ya Japani ikasaidia kwa majengo, vyombo na walimu. Wanafunzi wa kwanza waliingia tarehe 4 Mei 1981, na Aprili 1984 wahitimu wa kwanza wakapewa diploma za uhandisi wa kilimo, utaalamu wa vyakula na kilimo cha bustani. Desemba 1994 kikazinduliwa kuwa chuo kikuu kamili.

Mbona chuo hiki hakikufungwa Wajapani walipopunguza msaada wao? Tunaona sababu tatu. Kwanza, ardhi ilikuwa yetu tangu mwanzo. Pili, wageni walifundisha wakiwa bega kwa bega na Wakenya, na Wakenya wengine wakapelekwa Japani kusoma, wakarudi kushika kazi. Tatu, serikali ya Kenya ilikuwa mwenye mradi, si mtazamaji. Tena haikuwa kazi ya siku mbili. Ilichukua miaka mingi.

Kikundi cha watu ishirini si chuo kikuu, tunajua. Lakini kanuni ni ile ile: weka kitu chako, jifunze kazi yenyewe, na ujue nani atalipa gharama baadaye. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mfadhili naye tumpe jembe, lakini sisi tulime tukiwa kando yake, ndipo tujue alivyolima.

MFANO WA PILI: WAKULIMA WALIOANZA NA SOKO

Mfano huu si wa hapa kwetu, lakini unatufaa sana. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2009, Wizara ya Kilimo na shirika la Japani la JICA waliendesha mradi wa wakulima wadogo wa mboga na matunda, ukajulikana kwa jina la SHEP. Ulianza katika wilaya nne, kati yao Bungoma na Nyandarua. Mradi huo haukugawa pesa wala mashine. Uligawa nini basi? Mazoea mapya.

Sisi wakulima tumezoea kupanda kwanza, halafu kutafuta mnunuzi. Sote tunapanda nyanya mwezi mmoja, sote tunavuna wiki moja, na broka anakuja na bei yake mfukoni. Wale wa SHEP waligeuza mambo. Kila kikundi kilichagua wajumbe, wanaume kwa wanawake, wakaenda sokoni kabla ya kupanda. Waliongea na wafanyabiashara wenyewe. Wakarudi, kikundi kikachagua zao, kikapanga kalenda ya kupanda na kuvuna, na baadaye ndipo yakaja mafunzo ya shambani. Mume na mke walifundishwa kupanga shamba pamoja kama washirika wa biashara. Hata barabara mbovu walifundishwa kuitengeneza kwa magunia yaliyojazwa udongo. Wakulima wapatao 2,500 waliofuatiliwa waliongeza mapato yao karibu maradufu katika miaka miwili.

Jambo hili halihitaji mfadhili. Nauli ya kwenda soko la Madaraka pale Thika, au Ruiru, au Githurai, kikundi kinaweza kuitoa. Wajumbe wenu waende na daftari na maswali haya:

1. Ni mboga au tunda gani linakosekana, na katika mwezi gani?
2. Mnataka la aina gani, na la ukubwa gani?
3. Mnanunua kwa kreti, kwa gunia au kwa kilo? Bei ya juu ni ngapi, na ya chini ni ngapi?
4. Tukileta mara kwa mara bila kukosa, mtanunua kutoka kwetu?

Msiulize mfanyabiashara mmoja tu. Ulizeni watano, halafu mlinganishe majibu.

MFANO WA TATU: UFUNDI WA VIJANA

Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya, ambalo leo ni NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza: kijana akimaliza shule ya msingi na hana nafasi mbele, afanye nini? Kutokana na wazo hilo vikaanza vyuo vya ufundi vya vijiji. Nia haikuwa majengo makubwa. Nia ilikuwa kijana ajifunze kazi inayohitajika pale pale anapoishi, kwa gharama ndogo. Serikali iliingia, wafadhili wakaingia, vyuo vikaongezeka. Tangu Katiba ya mwaka 2010, vyuo hivi ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo sisi wa Thika na Ruiru tunapotaka kuuliza juu ya walimu au vyombo, mlango wa kubisha ni wa Kaunti ya Kiambu, siyo wa mfadhili peke yake.

Lakini angalieni hatari yake. Mfadhili akisema analeta cherehani kumi, sote tunapiga makofi. Nani amehesabu mafundi cherehani walioko tayari sokoni? Msichana akimaliza mafunzo akose wateja, atasema ufundi hauna maana, na mdogo wake hatakubali kwenda. Huku kwetu mashamba mengi ya kahawa ya zamani yamegeuka ploti na nyumba. Basi tuulize: watu wa nyumba hizo wanatafuta fundi gani? Wa bomba? Wa umeme? Wa kuchomelea milango? Na wakulima je, nani huwatengenezea pampu na mashine za kukata nyasi? Mnaona sasa: kijana wa kijiji akijua kutengeneza pampu, ile ya stoo ya mwenyekiti inafufuka, naye anapata riziki.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kikundi kikipata ahadi ya msaada, kipime mambo haya manne katika mkutano wa wanachama wote, siyo kamati peke yake.

1. Mchango wetu. Tunaweka nini: ardhi, kazi ya mikono, pesa? Kama hatuweki kitu, mradi si wetu.

2. Ujuzi. Nani kati yetu atafundishwa? Wawe angalau wawili, na mmoja awe mwanamke au kijana. Mtu mmoja akihama au akiugua, ujuzi usihame naye.

3. Matengenezo. Tufanye hesabu. Tuseme tuko wanachama 20 na kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa wiki, na kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 52,000. Pesa hizo ziwekwe benki kwa jina la kikundi, zitolewe kwa sahihi za watu watatu, na risiti zisomwe mbele ya wote. Halafu muulize dukani vipuri vya mashine hiyo vinauzwa pesa ngapi. Kama hesabu haitoshi, ombeni mashine ndogo.

4. Siku ya mwisho. Mfadhili aulizwe waziwazi, kwa heshima: unaondoka lini, na vitu vinabaki kwa jina la nani? Jibu liandikwe. Hakikisheni pia kwamba kikundi kimesajiliwa kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, kwa maana mali ya kikundi kisichosajiliwa ni rahisi kugombaniwa.

Mkikuta jambo moja halina jibu, msione haya kumwambia mfadhili angoje. Mfadhili mwema atangoja. Asiyeweza kungoja miezi miwili leo, mtamweleza nini pampu ikivunjika?

Hapa kwetu wazee husema kamũingĩ koyaga ndĩrĩ: kikundi kidogo huinua kinu. Mgeni akija kutusaidia kuinua, tumshukuru. Lakini mikono yetu iwe imeshika kinu tayari, ili siku atakapoachia, kisituangukie miguuni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja mradi mmoja wa hapa kwetu uliosimama. Ni jambo gani kati ya yale manne lililokosekana?
2. Ni zao gani tunalopanda kwa mazoea tu, bila kuuliza soko?
3. Vijana wetu wamejifunza ufundi gani miaka hii, na wangapi wanaufanya?
4. Kabla ya mkutano ujao, ni wajumbe gani wawili, mwanamume na mwanamke, watakaokwenda sokoni? Andikeni majina yao leo kabla ya kutawanyika.