Nilivyozipa Habari Saa Zake

Usiku wa Agosti 20, 2024, Seneti ilikuwa ikiamua hatima ya Kawira Mwangaza, gavana wetu wa Meru. Kwetu Nchiru kulikuwa kumelala. Mimi nilikuwa kitandani, simu imechomekwa kwenye chaja, nikihama kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Maseneta wakapiga kura kumwondoa. Nililala alfajiri moyo ukidunda, na kabla siku iliyofuata haijaisha Mahakama Kuu ikawa imesimamisha uamuzi ule. Usingizi wangu ulikuwa umekwenda kwa jambo ambalo halijafika hata nusu.

Nina saiba ndogo karibu na lango la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Kazi yangu ni intaneti, kwa hivyo ushauri wa kuacha habari kabisa haunifai, wala sikubaliani nao. Mkulima wa miraa wa Tigania anazihitaji. Somalia ilipofungia miraa soko lake Machi 2020, na ilipolifungua tena Julai 2022, mkulima aliyezipata mapema alijua apange vipi karo na vibarua.

Kilichonisaidia nilikitoa kwa mama. Nilipokuwa mdogo alisikiliza taarifa ya saa saba na ya saa moja jioni, basi. Akitunyamazisha tulinyamaza. Taarifa ikiisha alizima redio, kwa sababu betri zilikuwa ghali. Zikichoka alizianika juani juu ya gunia la mahindi ili zipate nguvu za siku mbili tatu. Hakupitwa na jambo. Kura, ukame, bei ya kahawa, yote aliyajua.

Nami nikarudi kwenye saa hizo mbili. Nilizima arifa zote isipokuwa za M-Pesa na simu za kawaida, makundi nikayanyamazisha, na usiku simu nikaiacha sebuleni. Wiki ya kwanza ilinishinda mara kadhaa. Fotokopi ikitema karatasi za mwanafunzi, mkono tayari ulikuwa mfukoni.

Dawa hasa ilikuwa daftari. Upande wa kushoto naandika habari, upande wa kulia tarehe ya hatua inayofuata: hukumu, kura, kikao. Nikishaandika tarehe, naiacha habari mpaka siku yake. Ukurasa wa gavana una mistari minne tu. Agosti 20, Seneti yamwondoa. Agosti 21, korti yasimamisha. Machi 14, 2025, korti yakubali aondoke. Machi 17, Isaac Mutuma aapishwa. Miezi karibu saba, mistari minne! Kati ya mistari hiyo kulipita mamia ya jumbe za kusambazwa, na sikumbuki hata moja iliyobadilisha chochote kwenye ukurasa ule. Ukitaka kuanza na kitu kimoja, anza na daftari. Hata la kurasa 32 litakutosha miezi mingi.

Kuna siku ambazo utaratibu huu haufai, na sioni haya kuuvunja. Juni 25, 2025, vijana walipokuwa barabarani kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja yasitishwe, na matangazo ya NTV, KTN na K24 yakakatwa hewani. Korti ilisimamisha amri hiyo siku hiyo hiyo, lakini kwa saa kadhaa wengi tulibaki na video za simu tu, nyingine za 2024 zikirushwa kama mpya. Mpwa wangu alikuwa Nairobi. Niliangalia video zile nikimtafuta kwenye kila umati, nikasimamisha, nikarudisha nyuma, nikakuza picha ya kijana mwenye jaketi ya buluu.

Kisha nikampigia. Mara ya tatu akapokea: yuko kwa rafiki yake, wamefunga lango, wanapika githeri. Nikazima data, nikamwandikia mama yake, nikafungua saiba.