Kioo cha Simu na Kidole chenye Sugu

Shangazi yangu wa Chome, mkulima, hulalamika kuwa simu haimtii. Chini ya kioo mna nyuzi nyembamba mno zenye umeme. Kidole kikigusa, umeme hubadilika kidogo. Chombo kilicho ndani hupima badiliko hilo, na likiwa chini ya kiwango kilichowekwa, hulipuuza. Ngozi yenye sugu, tena kavu, hubadilisha kidogo tu.

Basi niliwasha wepesi wa kuhisi katika mipangilio, kisha, kwenye chaguo za wasanidi programu, alama ionyeshayo njia ya kidole. Nikachora mistari pembe hadi pembe. Hapa Same penye ukavu hakuna uliokatika. Kumbe huko juu kwenye ukungu, matone ya maji nayo yalihesabiwa vidole, yakabonyeza tarakimu! Naye hutuma ada kwa simu hiyo. Nikauzima wepesi ule. Sasa hulowesha ncha ya kidole kidogo kwa kitambaa, na simu humwitikia.