Baiskeli ya Umeme: Pima Njia Yako Kwanza

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Waama ni kweli, lakini ukinunua baiskeli ya umeme bila kuchagua, ndugu yangu, utaisukuma kwa mikono.

Kaka yangu ni fundi cherehani katika soko la Kibuye, mjini Kisumu. Nyumbani kwetu ni juu ya mlima wa Riat, kilomita 9 kwenda na 9 kurudi. Nauli ilikuwa ikimla faida, na yeye ndiye anayenilipia karo. Basi mama alipopata zamu yake ya chama, alikubali kumkopesha pesa za baiskeli.

Dukani tulikuta mbili. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, bei nafuu, yenye betri za asidi kama za gari. Ya pili ilikuwa na betri ya lithiamu, na bei yake karibu mara mbili. Kaka alishika ile nyekundu. Muuzaji naye akaapa kwamba inaenda kilomita 40!

Nikasema, "Kaka, ngoja kwanza nipige hesabu." Katika fizikia tumefunzwa kwamba volti mara ampia ni wati. Kwa hivyo volti za betri mara ampia-saa zake ni wati-saa, yaani ukubwa wa tangi.

Nyekundu: 36 × 12 = 432.
Ya lithiamu: 36 × 10 = 360.

Kaka akacheka. "Si unaona nyekundu ndiyo kubwa?"

Hapo ndipo wengi hunaswa. Betri ya asidi ukiimaliza kila siku huharibika upesi. Afadhali utumie nusu tu, yaani 216. Tena zile tatu huwa na uzito wa karibu kilo 12, ilhali ya lithiamu haifiki kilo 4. Mtu akisaidia kwa miguu, baiskeli hula takriban wati-saa 10 kwa kilomita mahali tambarare, na mlimani zaidi. Mimi nilikadiria 15. Kilomita 18 mara 15 ni 270. Asubuhi kaka huteremka, jioni ndipo hupanda, na kibandani mwake hakuna stima. Nyekundu ingemwacha mlimani giza likiingia!

Mambo mengine ya kuangalia ni haya:

(a) Mota. Iliyo kwenye gurudumu ni rahisi kutengeneza. Iliyo kwenye pedali hutumia gia, kwa hivyo hupanda mlima vizuri zaidi.

(b) Breki. Baiskeli hii ni nzito, nayo hushuka kwa kasi. Jaribu breki kabla ya kulipa.

(c) Betri. Itoke, uichajie ndani. Tumia chaja yake tu, na ikivimba usiichaji tena. Kujaza wati-saa 360 hakumalizi hata nusu yuniti ya stima.

Pesa za mama hazikutosha ile ya lithiamu. Kaka alinuna, nami nililaumiwa wiki nzima. Alingoja miezi miwili akiongezea kidogo kidogo, mara nyingine akirudi kwa miguu. Siku ya kwanza alipofika nayo nyumbani, kipimo kilionyesha imebaki robo na kidogo. Hakusema neno, alinipa tu mkono.

Basi msomaji, usiulize inakimbia vipi. Uliza njia yako ina urefu gani na mlima uko wapi. Kwa hayo machache, naiweka kalamu chini.